Milimita Moja ya Ramani, Futi Nane za Shamba

Ploti ya hamsini kwa mia, ambayo mtu huweka akiba miaka mingi ili ainunue, ina upana wa milimita 6 na urefu wa milimita 12 katika ramani ya sajili yenye skeli ya 1:2,500. Ni kipande kinachofunikwa na ukucha wa kidole kidogo. Mstari wa kalamu unaoitenga na ploti ya jirani unaweza kuwa na unene wa milimita 0.3. Ukiulaza mstari huo ardhini kwa skeli hiyo hiyo, unapata upana wa sentimita 75, nafasi ile ile ambayo wakulima wengi huacha kati ya mistari ya mahindi. Watu wawili wenye rula mbili wanaweza kuupima mpaka mmoja, kila mmoja kwa nia safi, na bado wakatofautiana kwa mstari mzima wa mahindi.

Si kila mzozo wa mpaka huanza na wizi. Mwingine huanza pale muuzaji anaposema ekari, fundi anapima kwa futi, hatimiliki imeandikwa hekta, na ramani iliyo mezani inasomwa kwa milimita. Kila mmoja ana namba yake mkononi na kila mmoja anaamini mwenzake anamdanganya.

Katika Kaunti ya Kakamega makosa ya namna hiyo ni ghali kuliko mahali pengi. Sensa ya mwaka wa 2019 ilihesabu wakazi 1,867,579, wastani wa watu 618 katika kila kilomita mraba. Kilomita mraba moja ina ekari 247. Hata kama msitu, barabara, shule na mito vingegawanywa pamoja na mashamba, kila mkazi angepata ekari 0.4 pekee. Mahali ambapo fungu la mtu ni dogo kiasi hicho, futi nne za upande mmoja wa shamba zinatosha kuwafikisha ndugu mahakamani.

Kutoka milimita hadi mita

Skeli ya 1:2,500 maana yake ni kwamba kitu kimoja kwenye karatasi ni vitu kama hicho 2,500 ardhini. Milimita moja ya ramani ni milimita 2,500 za shamba, yaani mita mbili na nusu, au futi nane na inchi mbili na ushei. Sentimita moja ni mita 25. Njia rahisi ya kukumbuka ni hii: hesabu milimita ulizopata kwa rula, zizidishe kwa 2.5, na jibu ni mita. Mpaka uliopimwa milimita 40 ni mita 100. Kwa ramani ya 1:5,000, inayotumika pia katika baadhi ya maeneo, zidisha kwa 5. Kwa ramani ya mjini ya 1:1,000, milimita moja ni mita moja, hakuna cha kuzidisha. Kabla ya yote, basi, soma skeli iliyoandikwa kwenye ramani yenyewe. Hesabu sahihi iliyofanywa kwa skeli isiyo yake humpa mtu mpaka wenye urefu mara mbili ya wake, au nusu yake.

Ramani ya 1:2,500 ina jambo moja la kufurahisha kwa wanaopenda inchi. Inchi moja juu yake ni inchi 2,500 ardhini, ambazo ni futi 208 na inchi 4. Mraba wenye ukubwa wa ekari moja kamili una upande wa futi 208 na inchi 8 na nusu. Kwa hiyo kila inchi mraba ya ramani hiyo ni ekari moja, ikipungua kidogo mno, na mtu mwenye rula ya zamani ya inchi anaweza kukadiria ukubwa wa shamba kwa kuliangalia tu.

Kukadiria ni neno la kushikilia hapa. Chukua kosa la nusu milimita. Kwenye ramani ya 1:2,500 nusu milimita ni mita 1.25, yaani futi 4. Kosa hilo likifuata upande mrefu wa ploti ya hamsini kwa mia, upande wa mita 30.48, linameza mita mraba 38. Hiyo ni zaidi ya asilimia 8 ya ploti nzima, kwa sababu tu rula iliwekwa kushoto kidogo ya mstari badala ya katikati.

Nakala za mashine huongeza shida. Karatasi hunywea na kutanuka kwa unyevu na joto, na mashine ya kunakili inaweza kupunguza au kukuza mchoro kidogo bila mtu kutambua. Nakala iliyopungua kwa asilimia moja huugeuza mpaka wa mita 100 kuwa mita 99. Ikinakiliwa tena kutoka kwa nakala hiyo, kosa huzaa kosa. Ndiyo maana ramani iliyochapishwa vizuri huwa na mstari wa skeli uliochorwa chini yake: mstari huo hunywea pamoja na ramani, hivyo ukiupima kwanza utajua nakala yako imepoteza kiasi gani.

Kuna sababu nyingine kubwa zaidi ya kutoichukua rula kama hakimu. Wakati wa kusajili mashamba katika sehemu nyingi za magharibi mwa Kenya, ramani zilichorwa kwa kufuata picha zilizopigwa kutoka kwa ndege. Ua, mkonge na njia zilizoonekana kwenye picha ndizo zilizogeuka mistari. Picha ya angani iliyokuzwa haina skeli moja kila mahali. Penye kilima na penye bonde skeli hubadilika, na pembeni mwa picha vitu huvutwa. Ramani za aina hiyo zilitengenezwa zionyeshe shamba gani liko wapi na linapakana na nani. Hazikutengenezwa ili mtu apime futi juu yake.

Sheria inalitambua jambo hilo waziwazi. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka wa 2012 kinasema kwamba, isipokuwa pale sajili inapoonyesha kuwa mipaka imethibitishwa rasmi, ramani huchukuliwa kuwa inaonyesha mipaka na mahali pa shamba kwa kukadiria tu. Ukiangalia hatimiliki nyingi utaona hata ukubwa wa shamba umeandikwa kuwa ni wa kukadiria. Kwa shamba la namna hiyo mpaka wenyewe uko ardhini: ni ule ua wa michongoma, mstari wa mkonge, mti wa lusiola uliopandwa na babu, mtaro au jiwe ambalo familia zote mbili zimeliheshimu kwa miaka.

Ekari, pointi na hamsini kwa mia

Ekari moja ina futi mraba 43,560. Namba hiyo inaonekana kama imeokotwa njiani, lakini ina asili yake. Karibu mwaka wa 1620 kasisi na mwanahisabati wa Uingereza, Edmund Gunter, alibuni mnyororo wa kupimia mashamba. Ulikuwa na urefu wa futi 66 na viungo 100, kila kiungo kikiwa inchi 7.92, ambazo ni sentimita 20 na chembe. Aliuchagua urefu huo kwa makusudi: eneo lenye urefu wa minyororo kumi na upana wa mnyororo mmoja ni ekari moja kamili, na minyororo 80 ni maili moja. Wapima ardhi wa milki ya Waingereza waliubeba mnyororo huo duniani kote, na ekari ikafika Kenya pamoja nao.

Mnyororo wenyewe hauonekani tena, ila umeacha alama katika mazungumzo ya kila siku. Mraba wa mnyororo mmoja kila upande, futi 66 kwa 66, ni sehemu ya kumi ya ekari. Hiyo ndiyo wauzaji na wanunuzi huiita pointi moja. Ina futi mraba 4,356, au mita mraba 405.

Pointi moja si ploti ya hamsini kwa mia, na hamsini kwa mia si thumni ya ekari, ingawa maneno hayo matatu hutumiwa kana kwamba ni kitu kimoja. Hamsini kwa mia ni futi mraba 5,000, sawa na mita mraba 464.5. Thumni kamili ya ekari, yaani ekari moja igawanywe mara nane, ni futi mraba 5,445, sawa na mita mraba 506. Anayelipia thumni akapewa hamsini kwa mia amekosa futi mraba 445, eneo la kutosha nyumba ndogo ya futi 20 kwa 22.

Hapo muuzaji huwa na jibu: zile futi zilizobaki zimeingia barabarani. Jibu hilo linaweza kupimwa. Ploti nane za hamsini kwa mia huchukua futi mraba 40,000 za ekari. Zinabaki 3,560. Ikiwa ekari hiyo ni mraba, upande wake ni futi 208 na inchi kadhaa, na barabara ya futi 20 kutoka mwanzo hadi mwisho inahitaji futi mraba 4,170 na ushei. Hazitoshi. Anayetangaza ploti nane kamili za hamsini kwa mia pamoja na barabara kutoka katika ekari moja ya namna hiyo anapaswa kuombwa mchoro wa mgawanyo, kwa kuwa ama ploti ni nyembamba kuliko anavyosema ama barabara ni njia ya miguu.

Nukta ya hekta

Hatimiliki za siku hizi huandikwa kwa hekta. Baadhi ya zile za zamani bado zina ekari. Hekta ni mraba wa mita 100 kila upande, mita mraba 10,000, na ni sawa na ekari 2.471. Wengi wanajua kwamba hekta ni kama ekari mbili na nusu, na kwa shamba kubwa makadirio hayo hayana madhara. Tatizo huja kwenye vipande vidogo, ambapo namba yote iko nyuma ya nukta.

Hekta 0.4 ni karibu ekari moja. Hekta 0.04 ni karibu pointi moja. Sifuri moja imekula sehemu tisa za kumi za shamba, na macho ya mtu aliyechoka kusubiri kwenye foleni yanaweza kuipita. Mtego mwingine ni neno pointi lenyewe. Mtu akisema pointi moja kwa mdomo, na mkataba ukaandikwa "0.1" bila kipimo kufuata, kuna anayesoma hekta 0.1, ambayo ni mita mraba 1,000, karibu robo ekari. Mwingine anasoma ekari 0.1, mita mraba 405. Mkataba mmoja, mashamba mawili. Kila namba katika mkataba wa kuuza ardhi inafaa ifuatwe na jina la kipimo chake, likiandikwa kwa ukamilifu.

Idadi ya tarakimu nyuma ya nukta nayo ina maana. Tarakimu ya pili ya hekta ni mita mraba 100, kipande cha mita kumi kwa kumi. Hatimiliki ikisema 0.05 na tarakimu zikakomea hapo, ukubwa halisi unaweza kuwa kati ya mita mraba 450 na 550 na namba ikabaki ile ile baada ya kukadiriwa. Kwa hiyo hamsini kwa mia na thumni kamili zote mbili zitasomeka 0.05. Zikiandikwa kwa tarakimu nne, moja ni 0.0465 na nyingine 0.0506, na tofauti inaonekana. Anayetaka kujua urefu wa pande za ploti yake hawezi kuupata kwenye hatimiliki. Urefu huo hutafutwa kwenye fomu ya mutesheni iliyojazwa na mpima ardhi wakati shamba lilipogawanywa.

Hatua sabini za nani?

Kijijini ekari hupimwa kwa miguu: hatua sabini huku, hatua sabini kule. Kanuni hiyo si ya kubezwa. Hatua ndefu ya yadi moja, yaani futi tatu, ikirudiwa mara sabini huwa futi 210, na 210 kwa 210 ni futi mraba 44,100, zikizidi ekari kwa asilimia moja tu. Aliyeianzisha alijua hesabu.

Lakini hatua ya kawaida ya mtu anayetembea bila kujinyoosha hukaribia futi mbili na nusu. Hatua sabini za mtu huyo ni futi 175, na mraba wake ni futi mraba 30,625. Hiyo ni ekari 0.7. Upungufu wa hatua ulikuwa nusu futi, lakini shamba limepungua kwa asilimia 30, kwa kuwa kosa limeingia mara mbili, kwenye urefu na kwenye upana. Wazee wanaopima kwa hatua wanaweza kuliepuka kosa hilo kwa kwanza kupima hatua za mpimaji: atembee hatua ishirini kando ya kamba, kisha kamba ipimwe kwa tepu.

Wengine huhesabu kwamba mita moja ni futi tatu. Mita moja ni futi 3.28. Ploti ya futi 100 ni mita 30.48, anayegawanya kwa tatu atadai mita 33.3 na kuingia kwa jirani karibu mita tatu. Futi yenyewe haina utata wowote. Tangu makubaliano ya mwaka wa 1959 kati ya Marekani, Uingereza na nchi nyingine nne zinazotumia Kiingereza, inchi moja ni milimita 25.4 kamili na futi ni mita 0.3048 kamili, bila salio.

Tepu, mteremko na simu

Tepu ya chuma ya mita 30 hurefuka kwa takriban milimita tatu na nusu joto likipanda kwa nyuzi kumi. Mpima ardhi hulifikiria hilo. Mnunuzi wa ploti hana haja nalo. Kinachomhusu zaidi ni tepu ya nailoni iliyovutika kwa kuzeeka, tepu inayoning'inia katikati kama kamba ya kuanika nguo, na ile iliyokatika mwanzoni. Fundi mwenye tepu iliyokatika huanzia alama ya futi moja kisha hutoa futi hiyo mwishoni. Siku atakayosahau kuitoa, ploti imepungua futi.

Katika sehemu zenye vilima kama Shinyalu na Ikolomani kuna jambo ambalo wenye mashamba hushangaa kulisikia. Vipimo vya ramani na vya hatimiliki huhesabiwa kwa usawa, kana kwamba ardhi yote imelala tambarare. Tepu ikilazwa juu ya mteremko hupima urefu wa mteremko, ambao ni mkubwa zaidi. Kwenye kilima kinachopanda mita moja kwa kila mita tano, futi 100 zilizopimwa juu ya nyasi ni futi 98 kwa hesabu ya ramani. Hakuna aliyeiba zile mbili. Ndiyo sababu wapima ardhi hushikilia tepu sawasawa hewani na kuteremka vipande vipande, au hutumia mashine inayohesabu pembe pamoja na umbali.

Programu za simu zinazopima shamba kwa kuzunguka mpaka zina matumizi yake. Zinafaa kukadiria mbolea na mbegu, au kujua kama shamba la miwa ni ekari mbili au tatu. Ila simu ya kawaida hukosea mahali ilipo kwa mita kadhaa, na chini ya miti hukosea zaidi. Kwa ploti yenye upana wa mita 15, mita tatu ni sehemu ya tano ya upana wote. Vifaa vya satelaiti ambavyo wapima ardhi hutumia hufikia usahihi wa sentimita chache kwa sababu hulinganisha mawimbi na kituo kingine ambacho mahali pake panajulikana. Kuonekana kwa duara la samawati juu ya ua wa jirani kwenye simu si ushahidi wa chochote.

Hekta 0.8 kwa watoto watano

Mfano wa urithi unaonyesha jinsi vipimo hivi vinavyokutana mezani. Hatimiliki ya mzazi inasema hekta 0.8. Nyumbani shamba hilo limeitwa ekari mbili siku zote, na makosa si makubwa: ni ekari 1.98. Watoto ni watano. Wakigawa ekari mbili kwa tano kila mmoja anatarajia ekari 0.4, pointi nne.

Mpima ardhi akifika, swali lake la kwanza ni njia. Mafungu ya nyuma hayawezi kusajiliwa yakiwa yamefungiwa. Tuseme njia ya mita 6 inahitajika kwa urefu wa mita 100. Hiyo ni mita mraba 600, au hekta 0.06. Zinabaki hekta 0.74, na kila mtoto ana hekta 0.148, ambayo ni ekari 0.366. Si pointi nne tena. Ni tatu na nusu na ushei. Familia ambayo haikufanya hesabu hiyo mapema huanza kumshuku kifungua mimba, au mpima ardhi, au yule aliyepata fungu la kando ya barabara.

Kisha kuna ukubwa halisi wa shamba. Kwa kuwa hekta 0.8 ni za kukadiria, kupima upya kunaweza kutoa 0.77 au 0.83. Ni busara zaidi familia kukubaliana kwa mafungu (kila mmoja sehemu moja ya tano ya kitakachobaki baada ya njia) kuliko kuahidiana pointi nne nne kabla ya tepu kufunguliwa.

Mgawanyo wa shamba unahitaji idhini ya serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Upangaji na Matumizi ya Ardhi ya mwaka wa 2019, na kwa shamba la kilimo idhini ya bodi ya kudhibiti ardhi pia. Njia, upana wake na ukubwa wa mafungu huangaliwa katika hatua hiyo. Kukata mafungu kwa kamba na kupanda mkonge mpya bila kupitia hapo hakubadilishi sajili hata kwa milimita moja.

Mpaka ukibishaniwa

Upimaji na uchoraji wa ramani za ardhi pamoja na masuala ya mipaka na ua ni miongoni mwa kazi ambazo Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti. Sajili yenyewe ya ardhi iko chini ya serikali ya kitaifa, na afisa mwenye uwezo wa kuamua mpaka wa shamba lililosajiliwa ni Msajili wa Ardhi. Mkazi anayekwenda moja kwa moja mahakamani kwa sababu ya mpaka hurudishwa: kifungu kile kile cha 18 kinazuia mahakama kusikiliza kesi ya mpaka kabla haujaamuliwa kwa njia iliyowekwa na sheria hiyo. Mahakama ya Mazingira na Ardhi huja baadaye, ikiwa kuna asiyeridhika.

Wazee wa kijiji, naibu wa chifu na chifu wana nafasi yao kabla ya hapo, na mara nyingi wao ndio wanaokumbuka mti uliokuwapo kabla haujakatwa. Makubaliano yanayopatikana mbele yao yanafaa yaandikwe, yakitaja alama na umbali kati yake, kwa mita au kwa futi, mradi kipimo kitajwe.

Wasipokubaliana, mwenye shamba huandika maombi kwa Msajili wa Ardhi. Aende na nakala ya hatimiliki, matokeo mapya ya upekuzi wa sajili, nakala ya ramani ya sajili ya eneo lake na, ikiwa shamba liliwahi kugawanywa, fomu ya mutesheni. Msajili hutoa notisi kwa wenye mashamba yanayopakana, kisha hufika shambani na mpima ardhi na kuwasikiliza wote. Anayetaka mpaka wake uthibitishwe kwa vipimo kamili anaweza kuomba hivyo chini ya kifungu cha 19. Baada ya upimaji huo mpaka huandikwa kwenye sajili kuwa umethibitishwa, na kuanzia hapo namba zilizopimwa ndizo zinazotawala.

Anayeajiri mpima ardhi binafsi aulize kwanza leseni yake, kisha aulize kazi itafanywa kwa kipimo gani na matokeo yatawasilishwa wapi. Bikoni zilizozikwa bila mchoro kuwasilishwa katika ofisi ya upimaji ni mawe tu.

Kung'oa au kuharibu alama ya mpaka bila idhini ni kosa la jinai, hata kama anayeing'oa anaamini iko ndani ya shamba lake. Notisi ya msajili ikishafika, ua usifyekwe na mkonge usihamishwe hadi siku ya ukaguzi ipite, kwa sababu mimea hiyo ndiyo msajili na mpima ardhi watakayoiangalia kabla hawajaikunjua ramani.